Kumfundisha mtoto uzalendo kupitia mashujaa: kamba ya mita 7 badala ya orodha ya majina

Chaki_Nyeupe

Wakuu, huu ni uzi wa walimu, wazazi na walezi wa vikundi vya watoto.

Mwambie mtoto wa darasa la nne akutajie mashujaa, atakupa kwa mkupuo: Mkwawa, Kinjikitile, Mirambo, Nyerere. Muulize nani alimtangulia nani, kimya. Muulize Mirambo alipigana na Mjerumani gani, atakujibu bila kupepesa macho, ilhali Mirambo alifariki Desemba 1884, kabla Wajerumani hawajasimika utawala wao hapa. Majina anayo, mambo yenyewe hana. Kisha tunamsimamisha gwarideni aimbe kwamba anaipenda nchi.

Ninachopendekeza ni kamba. Mwaka mmoja ni sentimita 10. Kutoka 1891, Wahehe walipolipiga jeshi la Wajerumani pale Lugalo, hadi Uhuru 1961 ni miaka 70, yaani mita 7 kamili.

Vifaa: kamba ya katani, vibanio vya nguo kama 15, maboksi matupu ya kukatia kadi, kalamu nene, na futi ya fundi cherehani. Kadi ziwe na upana wa sentimita 8, urefu 12. Zikizidi sentimita 10 kwa upana, kadi za miaka inayofuatana zinapandana na mtoto hasomi kitu.

Alama ni hizi (hadi 90 ni sentimita, kuanzia 1.40 ni mita):

0 – Agosti 17, 1891, Lugalo
30 – Oktoba 1894, ngome ya Kalenga inatekwa
70 – Julai 19, 1898, Mkwawa anajiua Mlambalasi
90 – Machi 2, 1900, Mangi Meli, mtawala wa Wachagga, ananyongwa Old Moshi
1.40 – 1905, Maji Maji inaanza
1.50 – Februari 27, 1906, mashujaa wananyongwa Songea
2.80 – 1919, Mkataba wa Versailles
3.80 – 1929, African Association
6.30 – 1954, TANU
7.00 – Desemba 9, 1961

Siku ya kwanza usitundike zote. Tundika 5 tu, nyingine watoto wazitafutie mahali wenyewe kwa kupima. Kupima ndiko kunakofundisha.

Kosa linaloharibu kazi ni kupiga mafundo. Kila fundo linakula sentimita kadhaa, ukifika la kumi kamba imefupika na Uhuru umeangukia 1957. Tumia vibanio, au funga vipande vya kitambaa bila kuikunja kamba. Kosa la pili ni kuitundika juu ya ubao kama pambo la Krismasi. Iwe kifuani mwa mtoto, kama mita moja kutoka sakafuni. Darasa likiwa fupi, ipindie konani au itoe nje mtini.

---

Mzigua_Pangani

Mwalimu, kazi nzuri, ila umetunyima haki watu wa pwani. Abushiri bin Salim alianza mwaka 1888 pale Pangani dhidi ya kampuni ya Wajerumani, akanyongwa hapo hapo Desemba 15, 1889. Kamba yako inaanza yeye akiwa kaburini miaka miwili.

Tena kuna uhusiano wa moja kwa moja ambao watoto wanaupenda. Wakala wa kampuni aliyeleta ubabe Pangani mwaka 1888, hadi watu wakachoka, aliitwa Emil von Zelewski. Kamanda aliyeuawa Lugalo mwaka 1891, yule ambaye wenyeji walimwita Nyundo, ni Emil von Zelewski huyo huyo. Pangani na Uhehe ni mbali, lakini kwenye kamba ni sentimita 30 na mtu mmoja. Ukifundisha Lugalo peke yake inabaki kuwa hadithi ya kabila moja.

---

Kidawa_Unguja

Na sisi je? Kamba inakatika 1961 kama vile Zanzibar haipo. Mapinduzi ni Januari 12, 1964, Muungano Aprili 26 mwaka huo huo. Pia wekeni Vita vya Ng'ombe vya 1951 kule Kiembesamaki, wakulima walipokataa amri za serikali juu ya mifugo yao. Hiyo haimo kwenye vichwa vya watoto wa bara kabisa, na hata skuli zetu huipita mbio.

---

Chaki_Nyeupe

Mmenishinda wote wawili, na hesabu inakaa vizuri. Ongezeni sentimita 30 kila upande: 1888 kushoto, 1964 kulia, inakuwa mita 7 na sentimita 60. Nunua mita 8, inabaki sentimita 20 kila ncha ya kufungia. Sifuri ibaki pale pale 1891 ili alama zisibadilike. Vita vya Ng'ombe viko mita 6 kamili.

Halafu jambo dogo: ukitumia katani halisi, kamba yenyewe ni somo. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, sentimita 20. Mwaka huo huo Mtemi Isike wa Unyanyembe alijilipua ndani ya ngome yake Tabora kuliko kukamatwa. Kibanio kimoja, kadi mbili. Mtoto ataishika kamba kwa namna nyingine.

---

MamaWawili

Swali la mzazi. Wa kwangu wana miaka 6 na 10. Humu ndani naona kunyongwa, kujilipua, kujiua. Hayo naanzaje kuyasema mezani?

---

Mlezi_wa_Skauti

Dada, usiyaseme yote na usiyaseme kwa wote.

Miaka 5 hadi 7: shujaa mmoja, kitu kimoja, tendo moja. Kitu kiwe cha kushikika: ngao ya boksi, kadi ya uanachama ya karatasi, mwenge wa kibuyu. Mwenge ndio rahisi kuliko vyote. Usiku wa Uhuru, Desemba 9, 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliusimamisha kileleni Kilimanjaro. Mtoto wa miaka 6 anaelewa mlima, baridi, giza na moto. Dakika 10 zinatosha. Kifo kikijitokeza, sema "alikufa akiitetea nchi yake", umwache aulize.

Miaka 8 hadi 10: kamba. Hapa neno "alinyongwa" linasemwa wazi, bila picha. Zipo picha za zamani za watu wakiwa kitanzini, zinazunguka sana mtandaoni. Usionyeshe. Mtoto atakumbuka mwili atasahau sababu, na aliyepigwa picha ile hakuombwa ruhusa.

Miaka 11 kwenda juu: sababu, makosa ya mashujaa, na maswali yasiyo na jibu moja. Wa umri huu ukiwapa hadithi tamu tupu wanakuona mwongo.

Wawili wakikaa meza moja, mpe mkubwa kazi ya kupima na mdogo kazi ya kubana. Mdogo atasikia atakayosikia, lakini mikono yake ina shughuli.

---

Nyanda_za_Juu

Kwenye Mkwawa msiishie Mlambalasi. Kadi inayogeuza somo lote ni ya Versailles, nayo wengi wanairuka kwa kudhani ni historia ya Ulaya.

Mwambie mtoto aweke kidole kwenye mita 2.80. Mkataba ule wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani iikabidhi Uingereza fuvu la Mkwawa ndani ya miezi 6. Kwenye kamba miezi 6 ni sentimita 5. Asogeze kidole sentimita 5: hakuna kitu. Aendelee kutembea. Anatembea mita 3 na nusu, anapita African Association, anapita Vita Kuu ya Pili, ndipo anafika 6.30 na kukuta kadi mbili kwenye kibanio kimoja. Mwaka 1954 fuvu linarudi Kalenga, na mwaka huo huo, Julai 7, TANU inazaliwa Dar es Salaam. Hapo huhitaji kuhubiri. Darasa zima linaanza kubishana kwa nini ilichukua muda wote ule.

Mkiwapeleka Kalenga, ni nje kidogo ya mji wa Iringa, safari fupi kwa basi. Kabla ya kuingia watoto waelezwe wazi kwamba watakachokiona kwenye kasha ni mabaki ya mtu, siyo sanamu. Asiyetaka kuingia abaki nje na mwalimu mmoja, bila kuchekwa. Ingieni kwa makundi ya watoto wachache. Hamsini kwa mara moja wanasukumana na wa nyuma haoni ila visogo. Kila mtoto awe na swali moja aliloandika kabla. Mfano wa swali zuri: Wajerumani walitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa chake, na baada ya Kalenga kuanguka bado alipigana karibu miaka 4. Nani alimlisha muda wote huo? Swali hilo linawatoa kwenye shujaa mmoja na kuwapeleka kwa watu waliomficha, ambao majina yao hayapo kwenye kadi yoyote.

---

Kijana_Mjuaji

Tatizo langu ni Maji Maji. Mtoto lazima aulize: "Yale maji yalifanya kazi?" Ukisema hapana, darasa linacheka mababu zao. Ukisema ndiyo, umedanganya.

---

Ruvuma_Asilia

Mkuu, swali hilo lisikimbiwe, ndilo lenye utajiri.

Anza na pamba, siyo maji. Wanaume walilazimishwa kulima mashamba ya pamba ya serikali, kwa utaratibu siku 28 kwa mwaka, kwa ujira usio na maana, huku mashamba yao yakisubiri. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, waling'oa pamba. Hilo tendo ndilo tangazo la vita. Mwambie mtoto: mche wa pamba uliong'olewa ulikuwa barua.

Kisha uje kwa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Wajerumani walimnyonga Agosti 4, 1905, vita ikiwa changa, na vita haikusimama. Hapo uliza kinyume: makabila zaidi ya 20, yasiyo na mfalme mmoja, mengine yalikuwa yanagombana, yalikubalianaje kupigana na adui mmoja? Maji hayakuzuia risasi. Yaliwaunganisha. Mtoto wa miaka 11 anaelewa tofauti hiyo, na kicheko kinakoma chenyewe.

Sehemu ya tatu ndiyo tunayoiogopa: njaa. Waliokufa kwa risasi ni wachache kuliko waliokufa kwa njaa, kwa sababu jeshi lilichoma mashamba na maghala kwa makusudi. Wajerumani walitaja vifo 75,000, wanahistoria wanafika 250,000 hadi 300,000. Tarakimu hizo kwa mtoto ni kelele. Panga vikombe 12 vya mtama mezani, kimoja kwa kila mwezi hadi mavuno. Ondoa 10. Waulize mbegu za msimu ujao zitatoka kikombe kipi. Wakikujibu "tutakula mbegu", somo limeingia. Mtama urudi jikoni, usimwagwe. Kumwaga chakula kwenye somo la njaa ni aibu.

Songea, Februari 27, 1906: mashujaa walinyongwa kwa wingi na kuzikwa katika kaburi la pamoja eneo la Mahenge, hapo hapo mjini Songea. Mmoja wao alikuwa mwanamke, Mkomanile. Mpeni kadi yake. Wasichana wengi humaliza shule ya msingi wakidhani vita ya ukombozi ilikuwa ya wanaume watupu hadi alipokuja Bibi Titi. Nduna Songea Mbano, aliyeupa mji jina, alinyongwa siku chache baadaye. Na Novemba 1, 2023 Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha. Kamba haifiki huko. 2023 ingehitaji karibu mita 6 nyingine kutoka 1964. Waambie watembee hatua hizo nje ya mlango, wahesabu wenyewe.

---

Sauti_ya_Kinyume

Samahani wakuu, mimi naona mnapamba. Somo hili likifika 1954 linageuka kampeni ya chama kimoja na mtu mmoja. Mtoto anatoka akijua Nyerere alileta uhuru peke yake, basi.

---

Chaki_Nyeupe

Hoja ni ya kweli, na dawa iko kwenye mkutano wenyewe wa Julai 7. Waasisi walikuwa 17. Gawa majina 17, kila kundi lipewe 2 au 3. Yumo Saadani Abdu Kandoro, mshairi. Yumo Japhet Kirilo, aliyetoka Meru, ambaye 1952 alikwenda Umoja wa Mataifa kulalamikia ardhi ya Wameru. Wamo Abdulwahid Sykes, Dossa Aziz na John Rupia, watu wa Dar waliokuwa wameijenga harakati na kuigharimia. Nyerere abaki mahali pake panapostahili: Machi 1955 alihutubia Umoja wa Mataifa, na mwezi huo huo akaacha ualimu Pugu. Mtoto akijua aliacha mshahara, anamheshimu zaidi kuliko akiambiwa hakuwahi kukosea.

Na Bibi Titi Mohamed, tafadhali, asiwe picha ya kilemba tu. Alikuwa mwimbaji wa vikundi vya ngoma ya lelemama, na mtandao ule wa wanawake ndio alioutumia kuandikisha wanachama mwaka 1955. Kwa wakubwa msifiche kilichofuata: alikamatwa 1969, akahukumiwa kwa uhaini, akaachiwa 1972. Leo barabara kubwa ya Dar ina jina lake. Shujaa, mfungwa, kisha jina la barabara. Waacheni wajadili.

---

Kura_Tatu

Naongeza hapo. Kutoka 6.30 hadi 7.00 ndipo watoto wanapochoka, kwa sababu hakuna bunduki. Wachezesheni kura tatu za 1958.

Kanuni ilikuwa hivi: katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Waafrika walikuwa wengi mno kuliko wengine, viti sawa. Juu yake, masharti ya kipato na elimu yaliwaengua wengi.

Kata karatasi za rangi tatu. Bandika ukutani majina ya kubuni ya wagombea, wawili kwa kila rangi. Dakika 15 za kwanza darasa lijadili jambo moja tu: tushiriki au tususe? Huo ndio mjadala wa TANU kule Tabora, Januari 1958. Zuberi Mtemvu alipinga kushiriki akajitoa. Nyerere alisukuma washiriki. Kisha pigeni kura. Atakayerudisha karatasi moja au mbili, kura yake imeharibika. Watalalamika. Waache walalamike, ndiyo maana ya zoezi. Mwishoni waeleze mbinu: TANU iliwaunga mkono Waasia na Wazungu waliokubaliana nayo, ikashinda kwa kanuni iliyotungwa kuizuia.

Angalizo: usimwambie mtoto yeyote "wewe ni Mwasia, wewe Mzungu". Ndani ya dakika mbili wanaanza kuigana lafudhi na kuchekana rangi, na somo limekufa. Rangi ziwe za karatasi, siyo za watoto.

---

Mzigua_Pangani

Nakumbushia Sanamu ya Askari pale Samora, Dar. Kila ziara ya shule inapita hapo na watoto wanaambiwa "huyu ni shujaa wa uhuru". Siye. Waingereza waliiweka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Wasomesheni maandishi ya Kiswahili yaliyo chini yake, waone walikuwa wanamtumikia nani. Mahali hapo hapo Wajerumani walikuwa wamesimamisha sanamu ya Wissmann, mtu aliyemwangamiza Abushiri. Ukitaka mnara wa Uhuru wenyewe, nenda Mnazi Mmoja.

---

Mlezi_wa_Skauti

Sherehe shuleni: Julai 25, Siku ya Mashujaa, igeni utaratibu wa kitaifa lakini kwa dakika 20 tu. Pale Rais huweka mkuki na ngao, wengine wanafuata na sime, upinde na mishale, shoka, shada la maua. Tengenezeni vya boksi na mti laini, bila ncha. Watoto 5 wanaweka, kila mmoja anasema sentensi moja ya tendo: "Mkomanile, alinyongwa Songea, 1906." Kimya cha dakika moja, wimbo wa taifa, kwisha. Hotuba ya mgeni rasmi ikizidi dakika 5 juani, wanaanza kuanguka, na wanachobaki nacho juu ya mashujaa ni kizunguzungu.

Oktoba 14 (Siku ya Nyerere) na Aprili 7 (Siku ya Karume) ni mapumziko, kwa hiyo shughuli ifanyike siku moja kabla.

---

MamaWawili

Asanteni, nimeshanunua katani. Swali la mwisho: nyuma ya kila kadi nimeandika alipozikwa shujaa. Ya Mangi Meli niandike nini? Kila ninaposoma naona kichwa chake kilipelekwa Ujerumani.

---

Nyanda_za_Juu

Andika "kichwa kinatafutwa". Tumia penseli, usitumie wino.